Mstari Usio na Mlinzi

Ukitaka kuwahesabu wavuvi wa dagaa wa Kunduchi, usije mchana. Ngoja usiku wa giza. Mwezi ukiwa mkubwa wengi hawatoki, kwa sababu taa haina nguvu mbele ya mbalamwezi. Lakini giza likishika, mashua zinaondoka magharibi, na ikifika saa tatu bahari yote ya mbele imejaa taa, utadhani mji mwingine umejengwa huko. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa. Siku hizi ni taa za betri na za jenereta, ila wazee bado wanaziita karabai, na mimi nitaziita hivyo hivyo.

Nilipokuwa mtoto nilipenda kukaa mchangani na kuzihesabu. Mjomba wangu alikuwa akitoka na mashua ya watu sita. Mkewe alikuwa na kawaida ya kusimama mlangoni, akatazama kidogo, akasema, "Ile ya tatu kutoka kushoto ndo yao." Sijui aliijuaje. Mara nyingi hakukosea.

Basi mvuvi mdogo wa kwetu anaonekana. Kijiji kizima kinajua nani katoka, nani karudi, nani kapata na nani kaambulia maji ya chumvi. Akivua kwa baruti, mlipuko unasikika. Akileta samaki wachanga, dalali anawaona mnadani. Akitaka kudanganya, lazima adanganye mbele ya jirani zake.

Kwa miaka mingi nilidhani bahari yote iko hivyo. Nilikuja kujua kuwa sivyo mwaka 2009, nikiwa darasa la nne.

Samaki wa Magufuli

Tarehe 8 Machi, 2009, meli ya uvuvi iitwayo Tawariq 1 ilikamatwa ndani ya ukanda wa uchumi wa bahari wa Tanzania, huko mbali ambako mashua ya Mjomba haijawahi kufika wala haiwezi kufika. Ilidaiwa kuvua bila leseni. Ndani mlikuwa na mabaharia zaidi ya 30 wa mataifa mbalimbali, na karibu tani 300 za samaki, wengi wao jodari. Waziri aliyehusika na uvuvi alikuwa John Magufuli, na kwa kuwa samaki hawangojei hukumu, serikali iliwagawa kwa taasisi za umma na za wasiojiweza. Mitaani wakaitwa "samaki wa Magufuli". Watoto tuliwatania wenzetu wanene kwamba wamekula samaki wa Magufuli.

Nakumbuka redio ikitangaza habari ile, na Mjomba amekaa kwenye mkeka anashona nyavu. Aliposikia "tani", akaniuliza, "Tani moja kilo ngapi?" Nikamwambia elfu moja, maana tulikuwa tumefundishwa. Akaanza kupiga hesabu kwa kidole mchangani: mashua yake, usiku mzuri, mara siku ngapi, mara miaka mingapi. Alifika mahali akafuta kwa kiganja. Kisha akauliza swali ambalo sijalisahau hadi leo.

"Hiyo imekamatwa. Ambazo hazikukamatwa ni ngapi?"

Makala hii, ndugu msomaji, ni jaribio langu la kumjibu. Nilimaliza kidato cha nne bila kupata nafasi ya kuendelea, na tangu hapo najaribu kuandika riwaya yenye meli ndani yake. Nilikwenda maktaba kutafuta meli yangu, nikajikuta natafuta historia ya meli za kweli. Nimegundua kuwa historia hii inatuhusu kuliko nilivyodhani.

Kwanza, aliyeikamata Tawariq 1. Hatukuikamata kwa chombo chetu. Ilikamatwa na meli ya doria ya Afrika Kusini, katika doria ya pamoja ya nchi za kusini mwa Afrika. Meli hiyo inaitwa Sarah Baartman. Jina hilo ni la mwanamke wa Kikhoikhoi aliyepelekwa London mwaka 1810, akaonyeshwa kwa watu kama kichekesho, akafa Paris mwaka 1815. Mabaki yake yalirudishwa na kuzikwa kwao mwaka 2002. Mtu aliyetazamwa bila hiari yake, jina lake leo limeandikwa ubavuni mwa chombo kinachowatazama wengine. Ningeliandika hilo katika riwaya, mhariri angesema nimetia chumvi.

Pili, mwisho wa kesi. Mwaka 2012 Mahakama Kuu iliwatia hatiani nahodha na wakala wa meli. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ikatengua hukumu hiyo kwa dosari za utaratibu wa mashtaka. Samaki walikuwa wamekwisha kuliwa. Meli yenyewe ilichakaa bandarini ikawa chuma chakavu.

Mstari ulitoka kwetu

Sasa turudi nyuma. Huo "ukanda wa uchumi wa bahari" ulitoka wapi?

Zamani mataifa yenye nguvu yalikubaliana kuwa bahari ya nchi inaishia maili chache tu kutoka ufukoni. Tatu ndiyo iliyokuwa kawaida, na inasemwa kuwa ulikuwa umbali wa risasi ya mzinga. Zaidi ya hapo bahari ilikuwa ya wote. Maneno matamu hayo, "ya wote". Lakini wote hawakuwa na meli. Mwenye meli ya kuvuka dunia na jokofu la kuhifadhi shehena, huyo ndiye aliyekuwa "wote". Sisi wa ngalawa tulikuwa watazamaji.

Nchi za Amerika Kusini ndizo zilizoanza kukataa. Mwaka 1952, Chile, Peru na Ecuador zilitangaza maili 200. Wakubwa wakakasirika. Halafu, miaka michache baada ya uhuru, Waafrika wakaingia katika hoja. Mwaka 1971, katika mkutano wa wanasheria wa Asia na Afrika uliofanyika Colombo, mwanasheria Mkenya Frank Njenga alitoa wazo la ukanda wa uchumi: nchi ya pwani isidai kumiliki bahari yote hiyo wala kuzuia meli kupita, ila samaki na mali nyingine zilizomo ziwe chini ya mamlaka yake. Agosti 1972 Kenya ikalipeleka wazo hilo Umoja wa Mataifa likiwa limeandikwa kama vifungu vya sheria.

Angalia werevu wake. Meli za mafuta zipite, meli za vita zipite, ila anayeshusha ndoana ajue kuna mwenyewe. Wazo hilo ndilo lililoingia katika Mkataba wa Sheria ya Bahari, uliotiwa saini Montego Bay, Jamaika, tarehe 10 Desemba, 1982, na kuanza kutumika mwaka 1994. Maili 200 za baharini, yaani kilomita 370 hivi. Joseph Warioba wa Tanzania alikuwa mwenyekiti wa tume ya maandalizi ya vyombo vya mkataba huo, na baadaye jaji wa mahakama yake ya kimataifa. Mwaka 1989 Bunge letu likapitisha sheria ya ukanda wetu.

Kwa hiyo tukisikia habari za bahari kuu tusidhani ni mambo ya wageni. Huu mstari ulioko ndani kabisa ya maji, ambao hakuna aliyewahi kuuona kwa macho, Mwafrika wa Mashariki alishika kalamu ulipokuwa unachorwa.

Tatizo ni kwamba tulichora mstari, hatukuwa na mlinzi. Ukanda wa Tanzania ni zaidi ya kilomita za mraba 200,000. Uanze kuulinda kwa boti mbili tatu za doria na mafuta ya kubahatisha! Ni sawa na kuwa na shamba linaloanzia Dar hadi Morogoro, na mlinzi mmoja mwenye tochi ambayo betri zake zimekwisha. Kila mwizi anajua. Hata asiye mwizi, mwenye leseni ya jodari mia, nani atamwambia asichukue mia tano?

Mwandiko wa meli

Jibu lilikuja kwa njia ya kuzunguka. Mtambo uliokuja kuwafichua wavuvi haramu ulibuniwa kwa ajili ya kuzuia ajali.

Kwa mapatano ya kimataifa ya usalama baharini, kufikia mwisho wa mwaka 2004 meli za safari za kimataifa, kuanzia ukubwa wa tani 300, zilitakiwa ziwe zimefunga mtambo wa kujitambulisha. Mabaharia wanauita kwa herufi zake, AIS. Kila baada ya sekunde chache unatangaza kwa redio: jina langu fulani, namba yangu ya tarakimu tisa ni hii, niko hapa, naelekea kule, mwendo wangu huu. Meli mbili zikikutana gizani au kwenye ukungu, zinajuana na kupishana. Ni karabai ya meli kubwa.

Redio hiyo haifiki mbali sana ukiisikiliza ukiwa ufukoni. Lakini kuanzia mwaka 2008 hivi, setilaiti zilianza kuinasa kutoka juu. Hapo mambo yakageuka. Sauti iliyokusudiwa jirani tu ikaanza kusikika dunia nzima.

Upo na mtambo wa pili, VMS, ambao ni wa serikali. Meli yenye leseni inatakiwa kutuma habari za mahali ilipo kwenye kituo cha uvuvi cha nchi husika. Huu ni mzuri, ila ni siri baina ya meli na ofisi. Afisa mmoja anaona, wananchi hawaoni. Na jicho la mtu mmoja, wote tunajua, linaweza kufumbwa kwa bahasha.

Sisi tunaojifunza kuandika tutaelewa upesi namna wataalamu wanavyozisoma habari hizi. Njia ya meli ni mwandiko wake. Meli inayosafiri tu inakwenda kama imepigiwa rula. Ya mishipi mirefu inakwenda polepole ikimwaga maelfu ya ndoana, kisha inarudi njia ileile kuzivuta. Ya kuzungusha nyavu inapiga duara. Ya kukokota inakwenda na kurudi kama mkulima anayepiga matuta. Na ukiona meli mbili zimelala ubavu kwa ubavu katikati ya bahari kwa saa kadhaa, huenda kuna shehena inayohamishwa.

Septemba 2016 ilifunguliwa ramani ya intaneti iitwayo Global Fishing Watch, iliyoanzishwa na mashirika ya Oceana na SkyTruth pamoja na Google. Yeyote anaweza kuitazama bure. Mwaka 2018 watafiti waliotumia habari hizo walichapisha hesabu yao: meli zaidi ya 70,000 zilizofuatiliwa kati ya mwaka 2012 na 2016 zilikuwa zimevua katika zaidi ya asilimia 55 ya eneo la bahari zote duniani. Kwa mara ya kwanza mtu wa kawaida aliweza kuona kwa macho yake kiasi bahari inavyovuliwa.

Lakini kuonekana kuna faida gani kwa samaki? Mfano ninao wa karibu. Huko Pemba na Songosongo, vijiji vimejaribu kufunga miamba ya pweza kwa miezi mitatu hivi ili pweza wakue. Pweza hukua haraka sana, na siku ya kufungua watu huvua wakubwa kuliko wale waliowazoea. Utaratibu huo unawezekana kwa sababu mwamba unaonekana kutoka ufukoni. Ukiingia siku zilizokatazwa, utaonekana, na jioni utaitwa kwenye kikao. Sasa bahari kuu haina ufuko wa kusimama watu. Ukisema eneo fulani limefungwa, jodari wapumzike, nani atajua kama limefungwa kweli? Ukisema meli hizi zisizidi siku kadhaa za kuvua, nani atazihesabu? Ramani iliyo wazi ndiyo ufuko huo. Wataalamu wanapata kuhesabu, na watu wanapata kusimama na kutazama.

Barua moja ya kughushi

Kwetu somo hili lilieleweka mapema kuliko wengi wanavyojua. Mwishoni mwa mwaka 2012, nchi za magharibi ya Bahari ya Hindi zilianzisha ushirikiano uitwao FISH-i Africa. Zilianza Comoro, Kenya, Msumbiji, Shelisheli na Tanzania. Baadaye zikaingia Madagaska, Morisi na Somalia. Hawakununua manowari. Walichokubaliana ni kuambiana: meli gani imeomba leseni, imetokea wapi, ina jina gani na zamani ilikuwa na jina gani.

Mtihani wao wa kwanza ulikuwa meli iitwayo Premier, ya kampuni moja ya Korea Kusini. Liberia iliituhumu kuvua majini mwake kinyume cha sheria. Meli ikahamia upande wetu kutafuta leseni, na ikatolewa barua iliyoonekana kama imetoka Liberia, kwamba mambo yamekwisha. Miaka ya nyuma mchezo ungeishia hapo. Afisa wa nchi moja angesoma barua, angegonga muhuri. Safari hii maafisa waliulizana, wakawauliza na Waliberia wenyewe, ikajulikana kuwa barua ni ya kughushi. Leseni zikakataliwa. Meli ya uvuvi isiyo na leseni wala bandari ya kuikaribisha inakula mafuta tu. Mwaka 2013 kampuni ikakubali kuilipa Liberia dola milioni 1.

Hakuna risasi iliyolia. Kilichoshinda ni watu wa nchi maskini kufunguliana madaftari yao. Mimi kama mtunzi naona ugumu wa kuiandika hadithi ya namna hii, maana haina mbio wala mapambano, lakini nadhani ndiyo kubwa kuliko zote.

Siri ya mvuvi

Nilipomsimulia Mjomba haya, nilitegemea atafurahi. Akakunja uso.

"Mpwa wangu, mvuvi hasemi anapovua. Mimi mwamba wangu wa changu baba ndiye alinionyesha, na sikumwonyesha mtu. Ukiniwekea hicho kidude kwenye mashua, kesho watu hamsini wako juu ya mwamba wangu. Hapo umehifadhi nini?"

Nilinyamaza, kwa sababu ana hoja. Na si yeye peke yake. Wenye meli kubwa nao wanasema hivyo hivyo, kwamba eneo la kuvua ni mali ya biashara. Tena yapo mambo mazito zaidi. Miaka ile maharamia wa Kisomali walipotisha, hasa kati ya mwaka 2008 na 2012, nahodha aliyetangaza mahali alipo alihofia kuwa anawaelekeza wanaomtafuta. Mtu anaweza kuzima taa kwa sababu ya hofu, wala asiwe mwizi.

Nimeifikiria hoja ya Mjomba kwa muda mrefu. Jibu langu ni hili. Siri yake ni ya mashua ya watu sita, kwenye mwamba ambao jirani zake wanajua kuwa yuko sehemu hizo, na anachochukua kinapita mnadani mbele ya macho ya watu. Siri ya meli kubwa ni ya tani mamia, ndani ya bahari ambayo kwa mkataba ule wa 1982 ni dhamana ya wananchi, na shehena inaweza kuhamishwa isiguse bandari yetu hata siku moja. Leseni ni mkataba kati ya mwenye meli na Watanzania wote. Aliyeingia shambani kwa mkataba hawezi kumwambia mwenye shamba asitazame. Kwa hiyo mimi sisemi taa zifungwe kwenye kila ngalawa. Nasema anayechukua kingi zaidi ndiye awe wa kwanza kuonekana.

Mbio za meli yenye majina mengi

Mfano wa nchi iliyothubutu ni Indonesia. Mwaka 2014 aliteuliwa waziri wa bahari na uvuvi mama mmoja, Susi Pudjiastuti. Vijana wenzangu mlioishia njiani, sikilizeni: mama huyu aliacha shule ya sekondari kabla ya kumaliza, akaanza kuuza samaki. Alipokuwa waziri, mamia ya vyombo vilivyokamatwa kwa uvuvi haramu vilizamishwa. Lakini jambo lililonigusa zaidi alilifanya Juni 2017. Serikali yake ikawa ya kwanza duniani kutoa hadharani habari za VMS za meli zake, zile ambazo kwingine ni siri ya ofisi. Peru ikafuata mwaka 2018.

Na Indonesia hiyo hiyo ndiyo iliyokuja kuimaliza safari ya meli moja iliyopita mlangoni kwetu, STS-50. Ilikwishaitwa Andrey Dolgov, Ayda, Sea Breez 1 na mengine, na kudai bendera za nchi nyingi. Mwaka 2016 ilishikwa China na shehena haramu ya samaki wa maji ya baridi ya kusini, ikatoroka. Mwanzoni mwa 2018 ilionekana Madagaska, kisha Maputo, ambako maafisa wa Msumbiji waliichunguza na kuchukua hati zake. Ikatoroka tena.

Safari hii ilikuwa inatazamwa. Nchi za FISH-i zilipashana habari. Meli ya Ocean Warrior ya shirika la Sea Shepherd, iliyokuwa katika doria ya pamoja na Tanzania na yenye maafisa wetu ndani, iliifukuza. STS-50 ikatumia ujanja: mtambo wake ulikuwa ukitangaza kana kwamba iko sehemu nyingi za dunia kwa wakati mmoja. Lakini mwandiko ni mwandiko. Wachambuzi walichuja alama za uongo, wakafuata mwendo wa kweli kuvuka Bahari ya Hindi, wakawaambia Waindonesia wasubiri wapi. Tarehe 6 Aprili, 2018, chombo cha wanamaji cha Simeulue II kiliikamata karibu na kisiwa cha Weh, ncha ya Sumatra. Wanamaji walisema walikuta nyavu 600, ambazo zikiungwa zinaweza kufika kilomita 125. Umbali kama huo ni kutoka Dar kuipita Chalinze.

Nahodha alihukumiwa miezi minne na faini ya rupia milioni 200, dola 14,000 na kidogo.

Ndiyo, miezi minne tu. Ndipo nikaikumbuka Tawariq 1 na hukumu yake iliyotenguka. Kuona ni nusu ya kazi. Nusu nyingine iko kwenye karatasi: mashtaka yaandikwe sawasawa, kibali kisainiwe na anayestahili, ushahidi utunzwe usichakae bandarini. Tumezoea kudhani ulinzi wa bahari ni kazi ya wenye bunduki. Karani makini naye ni mlinzi wa bahari.

Zilizozima

Mwezi uliopita nilikwenda Kunduchi na simu ya kuazima yenye kioo kikubwa. Nikamkalisha Mjomba kwenye ubao wa mashua, nikamfungulia ile ramani. Alivaa miwani yake iliyofungwa uzi. Nikamwonyesha pwani yetu, nikamwonyesha Mafia, Unguja, kisha nikasogeza kule nje, penye vidoti vya mwanga vilivyotawanyika.

Alitazama kimya. Akagusa kidoti kimoja kwa kidole chenye kovu la mshipi.

"Hii iko wapi?"

Nikamwambia.

"Sijawahi kufika," akasema. Halafu, "Hizi ni zile zilizowasha."

"Ndiyo, Mjomba."

"Na zilizozima?"

Safari hii nilikuwa na jibu, japo si zuri. Januari 2024 watafiti walichapisha kazi waliyoifanya kwa picha za setilaiti, zile ambazo zinaiona meli hata kama imenyamaza. Walilinganisha picha za kati ya mwaka 2017 na 2021 na meli zilizokuwa zinajitangaza. Wakakuta kuwa karibu robo tatu ya meli za uvuvi wa kiviwanda duniani hazikuwa zikionekana kwenye ufuatiliaji wa wazi, na nyingi za namna hiyo zilikuwa pande za Asia ya kusini na Afrika. Si zote zinaiba. Nyingine hazilazimishwi na sheria za nchi zao kuwasha chochote. Ila gizani huwezi kujua ipi ni ipi, na asiyeiba anakaa gizani pamoja na anayeiba.

"Katika nne, tatu ziko gizani," nikamwambia Mjomba.

Alihesabu kwa vidole: kimoja akakinyoosha, vitatu akavikunja. Akaviangalia hivyo kwa muda.

"Basi lile swali langu umelijibu nusu," akasema. "Hiyo nusu nyingine kawaulize wenye kutoa leseni. Waambie wazitaje hapa hapa, kwenye simu, kila mtu aone. Mimi dagaa wangu anauzwa hadharani."

Jua lilikuwa linazama. Wenzake walikuwa wanapakia nyavu na kujaribu taa, moja baada ya nyingine. Akanirudishia simu, akavua miwani, akaifunga kwenye kitambaa. Usiku ule nilikaa mchangani kama zamani, nikazihesabu. Zilikuwa 41. Ile ya tatu kutoka kushoto sikuweza kuitambua, mkewe alinionyesha.